Majogoo Sita wa Daktari Berthold: Jinsi Homoni za Kiume Zilivyojulikana

  Kama uko jikoni, endelea na kazi yako huku ukisikiliza. Kama unasoma kijitabu hiki na wenzako katika kikundi, someni polepole mkijadiliana.

Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu huona haya kulitaja, yaani viungo vya uzazi vya mwanamume na homoni zinazoviongoza. Labda utauliza, "Hayo yananihusu nini mimi mwanamke?" Mama, yanakuhusu sana. Wewe ndiwe unayemwosha mtoto mvulana tangu siku ya kwanza. Wewe ndiwe unayesikia sauti ya mwanao ikianza kuwa nzito. Na ndoa ikikaa miaka miwili au mitatu bila mtoto, anayenyooshewa kidole kwanza ni wewe, au binti yako, au mke wa mwanao. Isitoshe, kwenye nguzo za stima huko mjini kuna matangazo ya watu wanaoahidi kurudisha nguvu za kiume kwa dawa na sindano. Je, utajuaje la kweli na la uongo?

Njia moja ni kufuata historia. Tuone watu walivyojua jambo hili, walipokosea, na walivyojisahihisha.

Lililojulikana na wafugaji

Kabla daktari yeyote hajaandika kitabu, wafugaji walikuwa wanajua jambo moja. Dume akihasiwa angali mchanga, anakua akiwa mpole. Hapigani ovyo, hapandi majike, na hunenepa upesi. Maksai anayevuta plau shambani ni dume aliyehasiwa. Beberu ambaye hajahasiwa, naye, utamjua kwa harufu kabla hujamwona.

Kwa hivyo watu walijua kwamba korodani zina kazi mbili. Zinatoa mbegu za uzazi, na pia zinamfanya dume awe dume. Lakini hawakujua jinsi kazi hiyo ya pili inavyofanyika. Korodani ziko chini, lakini ndevu huota kidevuni, sauti hubadilika kooni na misuli hujengeka mabegani. Habari inasafiri vipi kutoka huku hadi kule? Wasomi wengi walidhani inapitia kwenye neva, zile nyuzi za mwili zinazobeba hisia.

Majogoo sita

Mwaka wa 1849, katika mji wa Göttingen nchini Ujerumani, daktari aliyeitwa Arnold Adolph Berthold alichukua majogoo wachanga sita. Mama, wewe umechinja jogoo mara nyingi na unajua kwamba korodani zake haziko nje. Ziko ndani, zimeshikamana na mgongo.

Majogoo wawili Berthold aliwahasi kabisa. Wale wanne wengine kila mmoja alibaki na korodani moja tu, nayo ilikuwa imekatwa kutoka mahali pake na kuachwa tumboni. Wengine walibaki na korodani yao wenyewe, na wengine walipandikiziwa ya mwenzao.

Wale wawili waliohasiwa walinenepa, wakawa wapole, na ile nyama nyekundu ya kichwani iitwayo upanga ikabaki ndogo na kupauka. Hawakuwika kama majogoo. Wale wanne wakakua majogoo kamili. Waliwika, wakapigana, wakafuata kuku majike, na panga zao zikawa nyekundu.

Baadaye Berthold alipowapasua, aliona kwamba ile korodani iliyopandikizwa ilikuwa imeshika tumboni na kupata mishipa mipya ya damu, lakini neva zake za zamani zilikuwa zimekatika. Basi habari haikuwa ikipitia kwenye neva. Korodani ilikuwa inatia kitu fulani ndani ya damu, na damu ikakipeleka mwili mzima.

Kwa wakati wake ulikuwa ugunduzi mkubwa sana, lakini maandishi yake yalikuwa kurasa chache tu na hayakutiliwa maanani. Ilipita miaka mingi kabla wataalamu hawajayarudia.

Wafanyakazi wawili katika nyumba moja

Mwaka uliofuata, 1850, Mjerumani mwingine, Franz Leydig, alitazama korodani kwa darubini na kuona seli za namna ya pekee katikati ya vile vijifereji vinavyotengeneza mbegu. Mwaka wa 1865 kijana Mwitaliano aitwaye Enrico Sertoli aliona seli za namna nyingine ndani ya vijifereji vyenyewe. Mpaka leo seli hizo huitwa kwa majina yao.

Wakati huo hawakujua kazi zake, lakini sasa tunazijua. Seli za Leydig hutengeneza homoni ya kiume. Seli za Sertoli hulea mbegu changa mpaka zikomae, kama yaya anavyolea watoto. Kumbuka hawa wawili, kwa maana tutarudi kwao.

Mzee aliyejidunga sindano

Sasa tuje kwenye kosa. Charles-Édouard Brown-Séquard alizaliwa Mauritius, kisiwa cha huku kwetu katika Bahari ya Hindi, mwaka wa 1817, akawa daktari mashuhuri huko Ufaransa. Tarehe 1 Juni 1889, akiwa na umri wa miaka 72, alisimama mbele ya wataalamu wenzake mjini Paris na kutangaza kwamba alikuwa amejidunga maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za mbwa na za wanyama wadogo. Akasema nguvu zake zimerudi. Anapanda ngazi mbio, na anaweza kufanya kazi saa nyingi.

Habari zikaenea upesi. Muda si muda wafanyabiashara wakawa wanauza dawa za namna hiyo. Baadaye, katika miaka ya 1920, daktari mwingine mjini Paris, Serge Voronoff, akawa anawapandikizia wanaume matajiri vipande vya korodani za nyani.

Leo tunajua hakukuwa na ukweli ndani yake. Korodani haiweki akiba ya homoni. Inatengeneza na kuitoa hapo hapo. Tena homoni hiyo haiyeyuki vizuri katika maji. Yale maji ya mzee Brown-Séquard hayakuwa na homoni ya kutosha kufanya lolote. Alichokisikia mwilini kilikuwa matumaini yake mwenyewe. Mama, unaona kwamba biashara hii ya kuuza nguvu za kiume haikuanza jana kwenye nguzo za stima. Ina zaidi ya miaka mia moja, na tangu mwanzo imeishi kwa matumaini ya watu.

Jina "homoni" na kusakwa kwa testosteroni

Mwaka wa 1902 Waingereza wawili, William Bayliss na Ernest Starling, waligundua kwamba utumbo hutuma ujumbe kwa kongosho kupitia damu. Mwaka wa 1905 Starling akatumia jina la jumla kwa wajumbe wa namna hiyo: homoni, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kuamsha. Maelezo ya Berthold kuhusu majogoo wake sasa yakapata jina.

Ikabaki kuikamata homoni yenyewe, na kazi hiyo haikuwa rahisi kwa sababu mwili huitoa kidogo mno. Mwaka wa 1931, katika mji uleule wa Göttingen, Adolf Butenandt alichuja lita 15,000 hivi za mkojo wa maaskari polisi. Alipata miligramu 15 tu za homoni moja ya jamii ya kiume. Mwaka wa 1935, huko Amsterdam, kundi la Ernst Laqueur lilipata miligramu 10 kutoka kilo 100 za korodani za fahali. Hiyo ndiyo homoni kuu ya kiume, nao wakaiita testosteroni.

Mwaka huo huo Butenandt, na pia Leopold Ruzicka aliyekuwa Uswisi, wakafanikiwa kuitengeneza katika maabara. Mwaka wa 1939 wawili hao wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia, ingawa serikali ya Ujerumani ya wakati huo ilimlazimisha Butenandt kuikataa.

Kumbe amri hutoka kichwani

Watu wangeweza kudhani hadithi imeishia hapo: homoni ya kiume imepatikana, basi anayepungukiwa aongezewe. Lakini korodani zenyewe nazo zina mkubwa wao.

Katika miaka ya 1920 Mmarekani Philip Smith aliwaondolea panya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, iitwayo pituitari. Kwa binadamu tezi hiyo ni ndogo kama punje ya harage. Viungo vya uzazi vya panya hao vikanywea. Alipowapandikizia tezi hiyo upya, viungo vikafufuka. Ikawa wazi kwamba korodani hazijiamrishi.

Na pituitari nayo huamrishwa na nani? Ilibidi kusubiri mpaka mwaka wa 1971. Wataalamu wawili waliokuwa wakishindana huko Marekani, Andrew Schally na Roger Guillemin, walikuwa wamekusanya sehemu ya chini ya ubongo, iitwayo haipothalamasi, kutoka kwa nguruwe na kondoo kwa maelfu na maelfu. Humo ikatambuliwa homoni inayoiamrisha pituitari. Mwaka wa 1977 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel ya tiba, pamoja na mwanamama Rosalyn Yalow, aliyebuni njia ya kupima homoni zilizo chache mno katika damu.

Basi hesabu mama. Tangu majogoo wa 1849 mpaka 1971 ni miaka 122. Ndio muda uliohitajika kuifuata amri kutoka korodani mpaka kwenye chanzo chake kichwani.

Jinsi mpangilio unavyofanya kazi

Sasa tuweke yote pamoja. Haipothalamasi hutuma ujumbe wake kidogo kidogo, kila baada ya saa moja na nusu au mbili hivi. Pituitari ikiupokea, hutia homoni mbili ndani ya damu. Hospitalini utasikia zikiitwa LH na FSH. LH huenda kwa seli za Leydig na kuziambia, "Tengenezeni testosteroni." FSH huenda kwa seli za Sertoli na kuziambia, "Leeni mbegu." Testosteroni iliyojaa ndani ya korodani huwasaidia walezi hao, na kutoka chanzo hadi kukomaa mbegu huchukua miezi miwili na nusu hivi.

Hapa nataka usikie vizuri. LH na FSH ni homoni zilezile zinazoongoza hedhi yako na kukomaza yai lako. Mungu hakuwaumbia wanaume vichwa vya namna nyingine. Wajumbe ni walewale, kazi ndiyo tofauti.

Na ubongo unajuaje kwamba inatosha? Unaonja damu. Fikiria jiko lako la makaa. Moto ukizidi, unafunga kile kimlango cha chini ili hewa ipungue. Ukififia, unakifungua. Ubongo hufanya vivyo hivyo. Testosteroni ikipanda katika damu, unapunguza amri. Ikishuka, unaongeza.

Sasa, je, mtu akimimina mafuta ya taa juu ya makaa? Miali itapaa juu, nawe utakimbilia kufunga kimlango kabisa. Ndivyo inavyokuwa mwanamume anapodungwa testosteroni ambayo hakuandikiwa na daktari. Ubongo unaona damu imejaa homoni, nao unafunga mlango. LH na FSH zinashuka, korodani zinaacha kutengeneza testosteroni yake na kunywea, na mbegu zinakauka. Ile sindano haiwezi kuwasaidia walezi walio ndani ya korodani, kwa sababu mle ndani testosteroni huhitajika kwa wingi kupita ule ulio katika damu.

Jambo hili limepimwa. Mwaka wa 1990 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya jaribio la wanaume 271 wenye afya kutoka nchi kadhaa. Walidungwa testosteroni kila wiki ili kuona kama inaweza kuwa njia ya kupanga uzazi. Kwa zaidi ya nusu yao, mbegu ziliisha kabisa katika shahawa kabla ya miezi sita kupita. Sindano ya miezi mitatu ambayo akina mama hudungwa kliniki hufanya kazi kwa njia inayokaribiana na hiyo: hutuliza amri kutoka kichwani ili yai lisitoke.

Mama, ona hatari iliyopo. Kijana ameoa, mtoto hajapatikana. Anaenda kwa muuzaji anayemwambia kwamba hana nguvu, anadungwa homoni, misuli inatuna na hamu inapanda. Yeye anajiona amepona, kumbe amezima kiwanda cha mbegu. Na huku nyumbani mkewe anaitwa tasa. Kwa wengi mbegu hurudi baada ya kuacha, lakini huchukua miezi mingi, na kwa wengine zaidi ya mwaka. Vijana wanaodungwa homoni ili wawe na vifua vipana kule wanakoinua vyuma wanaweza kufikwa na mambo hayo hayo.

Wewe mama ufanye nini?

Kwanza, mtazame mtoto wako mvulana. Kabla ya kuzaliwa, korodani hukaa tumboni, kisha homoni huziongoza kushuka kwenye mfuko wake, mahali penye ubaridi unaofaa mbegu. Kwa kila watoto mia wa kiume waliotimiza miezi tisa tumboni, watatu hivi huzaliwa moja au zote zikiwa hazijashuka. Nyingi hushuka zenyewe katika miezi ya kwanza. Unapomwosha na maji ya vuguvugu, papasa taratibu. Ikiwa amefika miezi sita na huoni mbili, mpeleke kliniki na useme bila haya. Ni upasuaji mdogo, na wakati wake mzuri ni kati ya miezi 6 na 18. Ukingoja mpaka aende shule, uwezo wake wa kuzaa unaweza kupungua, na hatari ya saratani ya korodani ukubwani huongezeka. Msimpake dawa, msimvute, wala msinyamaze kwa kuogopa maneno ya majirani.

Pili, mfuate mwanao anapobaleghe. Wavulana wengi huanza kati ya miaka 9 na 14, na dalili ya kwanza si ndevu wala sauti bali korodani kukua. Matiti yake yakivimba kidogo, usimcheke. Homoni zake bado zinatafuta mizani, na kwa wengi uvimbe huo huisha wenyewe baada ya mwaka mmoja au miwili. Lakini akianza kabla ya miaka 9, au akifika miaka 14 bila dalili yoyote, aonwe na daktari. Huenda tatizo liko kule kichwani kwenye chanzo cha amri, na linatibika.

Tatu, mtoto asipopatikana baada ya mwaka mmoja wa kujaribu, waende wote wawili. Katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hili, upande wa mwanamume una sehemu yake. Kipimo cha kwanza cha mwanamume ni cha shahawa, na hakina maumivu. Wewe mama mkwe, kabla hujamwambia mwanao atafute mke mwingine, mwulize kwanza kama yeye amepimwa.

Nne, mwanamume akilalamika kwamba nguvu zimepungua, asikimbilie sindano. Huenda ni ugonjwa wa sukari, shinikizo la damu, pombe au mawazo mengi. Wapo wanaopungukiwa testosteroni kweli, nao hupimwa damu asubuhi na kutibiwa na daktari. Kama bado anataka watoto, amwambie daktari hivyo kabla ya kuanza dawa.

Kwa leo tukomee hapo. Mwezi huu ukimwona jogoo akiwika uani, wakumbuke majogoo sita wa Göttingen. Kisha mwite mkwe wako au binti yako, muketi naye, umsimulie habari hii. Huenda kuna machozi ambayo hayakupaswa kumwagika.